Mjomba au Baba Mdogo?

Kila siku nikitoka shule, nilipitia nyumba ya wageni alikofanya kazi mama. Yeye alisafisha vyumba. Mimi nilikaa chumba cha kufulia nikifanya hesabu, kisha nikikunja foronya. Nyumbani mama aliniita Maswali, lakini pale kazini maswali yalikuwa marufuku.

"Mambo ya wageni hayatuhusu," alinionya tangu siku ya kwanza. "Umbea wako utanifukuzisha kazi."

Siku moja wafanyakazi walikuwa na semina kwenye ukumbi wa chakula. Nilikuwa peke yangu msichana mmoja aliponichungulia mlangoni. Alinizidi mwaka mmoja hivi.

"Samahani, una kipande cha sabuni? Nataka kufua gauni hili. Sina jingine."

"Mzigo wako uko wapi?"

"Mjomba amesema nitanunuliwa nguo huko tuendako."

"Wapi?"

Akainua mabega. "Sijui. Kuna kazi ya kulea mtoto, na shule pia. Tunaondoka leo saa kumi."

Nikachanganyikiwa. Nilipoingia mchana ule, nilimsikia mwanamume wa chumba namba saba, aliyekuwa na msichana huyu, akimwambia dada wa mapokezi, "Huyu ni binti wa marehemu kaka yangu." Sasa, binti wa kaka yako atakuita baba mdogo. Mjomba ni kaka wa mama! Mtu mmoja anawezaje kuwa mjomba na baba mdogo pia?

"Ni mjomba wako kweli?"

Akaitazama sabuni niliyompa. "Nimeambiwa nimwite hivyo."

Alipoondoka, kichwa changu kilizunguka kama mashine ya kufulia iliyokuwa ikinguruma nyuma yangu. Nikisema, ni umbea, na mama atafukuzwa. Nikinyamaza, je? Saa ya ukutani ilionyesha tisa na robo. Foronya moja niliikunja mara nne.

Mama alipotoka semina, nilimvizia mlangoni. "Mama, tukiona jambo la mgeni, bado hatusemi?"

"Umeona nini?"

"Sisemi. Ni umbea."

"Maswali, sema!"

"Lakini hata jana ulinikataza!"

Mama akaketi juu ya rundo la shuka. "Jana nilikuwa sijui. Leo tumefundishwa kwamba wanaosafirisha watoto kwa hila hulala kwenye nyumba kama hii, na sisi tunawatandikia vitanda huku tumefumba macho. Nilikosea. Haya, niambie."

Nikamwaga yote, mpaka habari za gauni.

Nilidhani atakimbilia chumba namba saba. Hakwenda. Alikwenda kwa meneja, naye akawapigia simu polisi, kisha akamnong'oneza dada wa mapokezi amcheleweshe mgeni. Wakati huo mwanamume alikuwa tayari mapokezi, amemshika msichana mkono.

"Samahani, mzee," dada wa mapokezi akasema kwa tabasamu, "jaza kitabu hiki tena. Jina la mtoto hukuliandika."

Kalamu ikasimama. Mwanamume akamtazama msichana, akaitazama kalamu, akaandika herufi mbili, akazikata. Hakulijua jina la binti wa kaka yake! Bado alikuwa akijikuna kichwa polisi walipoingia pamoja na afisa wa ustawi wa jamii.

Msichana alikuwa ametoroshwa kwao siku nne zilizopita, na mama yake alikuwa akimtafuta kila mahali. Kabla ya kuondoka na afisa, alinirudishia sabuni yangu, bado imelowa.

Jioni ile bado nilikuwa na wasiwasi. "Mama, na kama angekuwa mjomba wake kweli?"

"Angeulizwa, angejibu, wangeendelea na safari yao. Mjomba wa kweli haumizwi na swali." Mama akanivuta karibu. "Umbea ni kumsema mtu ili umchafue. Wewe ulisema ili mwenzako asaidiwe, tena ulimwambia mtu mzima unayemwamini. Mimi nitaendelea kutunza siri za wageni, lakini mtoto kuchukuliwa si siri ya mgeni. Ukiona mwenzako anapelekwa asikokujua, usinyamaze."

"Kwa hiyo sasa maswali ruhusa kazini?"

Mama akanitupia foronya. "Kunja, Maswali. Kunja huku unauliza."