Tumbo la Kagwiria na Taa za Breki

Kila Jumamosi, kabla ukungu haujaondoka kwenye mashamba ya viazi ya Kibirichia, Kagwiria huwa ameshavaa sweta mbili na gambuti zake. Kazi yake ni kushuka kwenye kila lango na kuwasaidia wakulima kupakia mitungi ya maziwa kwenye pikapu. Dereva ni mama yake. Maziwa ya familia ishirini na tatu lazima yafike kwenye kituo cha kupozea kabla ya saa tatu asubuhi. Saa hiyo ikifika, karani hufunga lango, na maziwa yaliyobaki nje huchacha.

Jumamosi hiyo Kagwiria alikuwa na maneno mengi. Siku iliyotangulia, Gredi ya Sita walikuwa na mdahalo darasani. Hoja ilikuwa kwamba polisi waache kusimamisha magari kwa makosa madogo. Kagwiria aliunga mkono hoja hiyo kwa nguvu zote, kwa sababu mama yake amecheleweshwa barabarani mara nyingi. Khalif, ambaye baba yake ana lori mjini Meru, alipinga. Alisema gari bovu halijui kama kosa lake ni dogo au kubwa. Darasa lilimcheka, masikini, na Kagwiria akapigiwa makofi mpaka Mwalimu Gachoki akagonga meza.

"Kwa hivyo ulishinda," Mama akasema huku akikata kona.

"Kura thelathini na moja kwa tisa, Mama."

"Basi jitayarishe kumweleza huyo afande pale mbele."

Kwenye njia panda walisimama polisi wawili. Mmoja wao, mwanamke mrefu aliyevaa jaketi la manjano, alizunguka nyuma ya pikapu, akamwomba Mama akanyage breki, kisha akaja dirishani.

"Habari ya asubuhi, mama. Mimi ni Afande Wanjira. Taa zako za breki haziwaki, zote mbili."

"Ziliungua wiki iliyopita, afande. Nilikuwa niziweke leo."

"Ziweke kwanza, ndiyo uende. Fundi yuko hapo karibu, anafungua saa tatu."

"Saa tatu maziwa yatakuwa yamekataliwa," Mama akasema. "Hili ni kosa dogo tu. Na malori yanapita hapa bila taa, mbona hamyaoni?"

"Lori lisilo na taa likipita hapa, nitalisimamisha pia. Egesha kando, mama."

Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Kagwiria alimwona mama yake akiuma mdomo. Akamkumbuka mzee Riungu, mwenye ng'ombe mmoja tu, aliyeleta mtungi wake mdogo akitembea kwa fimbo. Jana alikuwa hodari wa kusema, lakini sasa hoja zote zilimkimbia. Kilichomjia ni kitu kingine. Alishika tumbo, akajikunja kwenye kiti, akaanza kulia kwa sauti.

"Mama! Tumbo!"

Mama akabadilika uso. Miaka miwili iliyopita Kagwiria aliumwa na tumbo hivyo hivyo, akapasuliwa, na Mama akalala juu ya kiti cha hospitali siku tisa. Kagwiria alikuwa amesahau jambo hilo. Mama hakulisahau hata siku moja.

Afande Wanjira hakuuliza swali la pili. Alimwita mwenzake abaki kwenye njia panda, akafungua mlango, akaingia, na kukilaza kichwa cha Kagwiria mapajani pake.

"Twende hospitalini, mama. Endesha polepole, nimemshika."

Kagwiria alifurahi kwa dakika moja hivi. Mpango ulikuwa umefaulu. Afande alikuwa akimsugua mgongo na kumwambia, "Pole, mwanangu. Pumua polepole." Mama alikuwa akimwomba Mungu kwa sauti ya chini. Hapo Kagwiria akaanza kuona haya.

Kisha akaliona lango la buluu la kituo cha maziwa. Karani alikuwa amesimama hapo na kitabu chake, akainua mkono kuwasalimia. Mama hakugeuza hata shingo. Lango likapita.

"Mama, maziwa," Kagwiria akanong'ona.

"Achana na maziwa."

"Lakini umepita kituo."

"Nimesema achana nayo. Yaharibike yote. Vumilia kidogo, mwanangu, tunafika."

Kagwiria aliwaza. Akinyamaza, maziwa ya watu ishirini na watatu yangeharibika, na yeye ndiye angekuwa ameyaharibu. Akisema, angesema mbele ya polisi, tena akiwa amelala mapajani pake. Aliogopa sana. Lakini mtungi wa mzee Riungu haukumtoka akilini.

"Siumwi," akasema.

"Nini?" Mama akauliza.

"Siumwi popote, Mama. Nilidanganya ili afande atuachilie."

Mama akakanyaga breki bila kufikiri. Nyuma yao matairi yakalia, kikafuata kishindo. Waliposhuka mbio, walikuta bodaboda imelala kwenye nyasi kando ya barabara, na kabichi zimetapakaa kila mahali. Mwendeshaji, kijana aliyeitwa Kithaka, alikuwa ameketi chini akishika goti lililochubuka.

Hakufoka. Alimtazama Mama tu.

"Mama, nilikuwa naangalia taa zako. Hazikuwaka. Ningejuaje unasimama?"

Mama alipiga magoti, akamfunga goti kwa leso yake, akasema pole zaidi ya mara kumi. Kagwiria na Afande Wanjira wakaokota kabichi.

Afande akatazama saa yake. "Tuna dakika kumi na tano. Mtoto ni mzima, kijana anaweza kusimama, na hayo maziwa hayana kosa. Geuza gari, mama. Mimi nitapanda nyuma."

Akapanda kweli, akasimama katikati ya mitungi, mkono mmoja ameshika chuma. Kila Mama alipopunguza mwendo, afande aliunyosha mkono wa pili na kuwaonya waliokuja nyuma. Watu walisimama kutazama. Walifika langoni dakika nne kabla ya saa tatu, na maziwa yote yakapokewa.

Baadaye, fundi alipokuwa akibadilisha taa, Kagwiria alimwomba afande msamaha. Akamweleza pia habari za mdahalo.

"Nimekusamehe," Afande Wanjira akasema. "Na hukukosea yote. Wako polisi wanaosimamisha watu bila sababu, na anayeonewa ana haki ya kulalamika. Hata mimi, leo nilipaswa kufikiria mapema kuwasindikiza hadi kituoni, kisha mrudi kwa fundi. Lakini zile taa hatuziangalii kwa ajili yetu. Ni za yule anayekuja nyuma yenu."

"Na mimi nilijua wiki nzima," Mama akasema. "Kila siku nilisema nitaziweka kesho. Kosa hilo ni langu."

Afande alipoondoka, mama na mtoto walibaki ndani ya pikapu.

"Umenikasirikia?" Kagwiria akauliza.

"Sana," Mama akasema. Kisha akamvuta karibu. "Uliposhika tumbo, sikuona lango, sikuona maziwa ya watu, sikuona hata barabara. Nilikuona wewe peke yako. Usinifanyie hivyo tena, Kagwiria. Siku utakayougua kweli, nataka nikimbie vivyo hivyo, nisianze kwanza kukuuliza kama unasema kweli."

Kagwiria akalia, kichwa kikiwa kwenye sweta ya mama yake. Mama alimwacha alie mpaka akatosheka. Kisha akawasha gari, wakaenda kuwarudishia wakulima mitungi yao.