Chumba cha Mzee Juu ya Rafti

Saa tisa alasiri chumba cha nyuma kilianguka, na mzee akafa chini yake. Nyumba iliyobaki ilisimama vilevile, mapazia yakipepea madirishani, kana kwamba haikuhusika. Kufikia magharibi polisi walikuwa wameshamkamata mhandisi aliyechora msingi, na mtaa mzima ulikuwa umeshamhukumu.

Walichosahau ni kwamba mhandisi yule ana dada. Na dada mwenyewe ni Bi Sindano, mpelelezi mstaafu. Kazi aliiacha, ila ule ulimi uliompa jina hakuuacha. Mdogo wake huyo alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, akamsomesha hadi akawa mtu. Asubuhi iliyofuata alipomkuta mahabusu, miguu mitupu, shati limechanika, hasira zilimpanda. Akaapa kwamba aliyemtia ndugu yake humo atajuta kuzaliwa.

"Dada, haki ya Mungu, pale nilichora rafti."

"Rafti ndiyo nini? Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

"Pale palikuwa dimbwi, likafukiwa kwa taka na kifusi. Udongo wake ni uji mtupu. Ukiipa kila nguzo msingi wake, kila mmoja utazama kivyake na nyumba itapasuka. Kwa hiyo unamwaga bamba moja la zege chini ya nyumba nzima, lina nondo juu na chini, kuta zote zikae humo. Uzito unatawanyika. Nyumba ikizama, inazama yote pamoja. Ikiinama, inainama yote."

"Mbona kimeanguka chumba kimoja?"

"Ndilo linaloniumiza kichwa. Rafti nzima haiachi chumba kimoja nyuma."

Bi Sindano akaondoka moja kwa moja hadi kwenye kifusi. Sajini aliyekuwa akilinda alifundishwa kazi na yeye, kwa hiyo hakuthubutu kumzuia.

"Shikamoo, afande. Sisi tunamshuku na fundi mkuu pia. Watu wanasema aliuza nondo."

Fundi mkuu alikuwa ameketi juu ya tofali, uso umesawijika. "Mama, nisingizieni lingine," alisema. "Nondo zangu zimo mle ndani. Fukueni."

Wakafukua ukingoni. Nondo zilikuwemo, nene, safu mbili, kama zilivyochorwa. Sajini akasema basi saruji ndiyo mbovu, akalipiga zege nyundo. Nyundo ikamrudia, mkono ukafa ganzi.

"Haya, sasa mshuku nyundo," alisema Bi Sindano.

Hapo ndipo mwenye nyumba alipotokea, macho mekundu, leso mkononi. Marehemu alikuwa baba yake wa kambo.

"Dada, mzee nilimtunza kama yai," alisema. "Nilimjengea chumba chake mwenyewe. Mdogo wako ameniulia baba! Rafti yake imekatika palepale kizingitini."

Bi Sindano alitazama upande wa kizingiti. Kilikuwa bado kimefunikwa na kifusi hadi usawa wa bega, na hakuna aliyekuwa amekiona. Juu ya kifusi lilikuwa limelala tenki kubwa la maji, limepasuka.

"Pole sana, baba," alisema taratibu. "Na lile tenki la maji, nani aliliweka juu ya chumba cha mzee?"

"Mhandisi. Nani mwingine?"

Uani ulisimama mnara wa chuma, mpya, wa kubebea tenki, na juu yake hapakuwa na kitu. Bomba la kumwagia maji yaliyozidi lilikuwa limeelekezwa chini ya chumba kilekile. Bi Sindano alisubiri mwenye nyumba aingie ndani, kisha akaagiza kizingiti kifukuliwe. Wao wakifukua, yeye akaongea na jirani.

Walipokifikia, alipiga magoti akapitisha kidole kwenye zege. Zege likivunjika lenyewe huacha meno, kokoto zikichomoza huku na huku. Hapa kokoto zilikuwa zimepasuliwa katikati, laini kama kitunguu kilichokatwa kwa kisu kikali. Nondo nazo zilikuwa na ncha bapa, zenye kutu ya muda mrefu.

"Hii imekatwa kwa mashine," alisema. "Na si jana. Fundi!"

Fundi mkuu aliinamisha kichwa. "Tulipomaliza zege mwenye nyumba alitupumzisha wote. Tuliporudi tukakuta mstari umepita pale. Akasema mhandisi ndiye aliyeagiza, tufunike kwa vigae."

"Na mhandisi hukumuuliza?"

"Mama, mwenye nyumba akishasema, fundi atauliza nini?"

"Ungeuliza, mpumbavu wewe! Mtu angekuwa hai."

Walimkuta mwenye nyumba sebuleni. Bi Sindano aliketi mbele yake bila kukaribishwa.

"Uliikata rafti, ukakitenga chumba. Ukakitwisha tenki lililojengewa mnara uani, ukaunywesha udongo wake maji. Ukawa unangoja. Mimi nataka kujua kwa nini."

Kwanza alikana. Alipoambiwa kwamba alikitaja kizingiti kabla hakijafukuliwa, leso ikamdondoka.

"Yule mzee alimfungia mama yangu nje, mgonjwa, mvua inanyesha," alisema hatimaye. "Mimi niko ndani nalia, ananicheka. Mama hakuamka tena. Nikasema nitamjengea chumba kizuri, na chumba kitamla. Sijutii. Mdogo wako alikuwa njiani tu."

"Njiani tu," alirudia Bi Sindano. Aliinua mkono amzabe kofi. Badala yake akamgeukia Sajini. "Piga simu, mdogo wangu afunguliwe." Kisha akamrudia mwenye nyumba.

"Jana ulipanda juu ya chumba kufungulia tenki maji. Viatu ukaviacha mlangoni kwa mzee."

"Ukuta ulipolia nilishuka kwa nyuma nikakimbia. Kwani nini?"

"Jirani amenisimulia leo. Ukuta ulipoanza kulia, mzee alikuwa nje uani, salama. Akaona viatu vyako. Akadhani umo ndani umelala. Akarudi mbio, anapiga kelele, 'Mwanangu, toka!'"

Mwenye nyumba alimkodolea macho. "Uongo. Hajawahi kuniita mwanangu."

"Jana alikuita. Nilitaka kulificha hili kwa kukuhurumia, lakini ndugu yangu amelala sakafuni kwa ajili yako. Kwa hiyo lichukue, uende nalo jela."

Yule mtu akaanguka kifudifudi, akaanza kulia kwa sauti ambayo Sajini alishindwa kuivumilia, akatoka nje. Bi Sindano alibaki kitini, anamtazama, na hakumwambia anyamaze.