Breki za Mdogo Wake

Haya yalimpata shoga yangu, fundi cherehani asiyemeza maneno. Mdogo wake alikufa akiendesha gari kwenye mteremko, na kampuni iliyolitengeneza ikadai alisinzia. Baadaye kampuni hiyohiyo ikatangaza magari yote ya aina ile yarudishwe, kwa kuwa breki zake zina kasoro. Mchana mmoja ikamtuma wakala kulichukua hata lile lililopondeka, ambalo shoga alikuwa amelifungia bandani.

"Hulichukui," akamwambia, amesimama mlangoni. "Kwanza mseme breki ndizo zilizomuua."

"Dada, mimi nimetumwa tu."

Mle gizani kukasikika kitu kikigonga sakafu ya gari. Tup. Kimya. Kisha tup, tup, kwa haraka.

"Nani yumo?" wakala akauliza.

"Ingia umuulize."

Wakamulika kwa tochi ya simu. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu, lakini pedali ya breki ilikuwa ikishuka na kupanda, ikishuka na kupanda. Wakala akarudi nyuma. Shoga hakusogea.

"Kanyaga, mdogo wangu," akasema. "Wakuone."

Pedali ikashuka, ikabaki chini, na kwenye vumbi la mpira wake zikajitokeza alama za vidole vitano vya mguu.