Kikapu Kilichong'oka Mkono

Kila Jumamosi asubuhi Milembe alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuwapa kuku pumba, na kufuta vumbi kwenye gari la shangazi yake. Ile ya tatu ndiyo aliyoipenda. Vumbi la Bariadi halina adabu. Ukilifuta saa moja, saa mbili limerudi na wenzake. Lakini Milembe alifuta tu, kioo kwa kioo.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya fedha, lililonunuliwa likiwa limeshatumika huko Japani. Lilikuja na alamu yake kutoka kiwandani. Likiwa limefungwa, ukiligonga kidogo tu lilipiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Shangazi Felisita, ambaye kazi yake ilikuwa kuchanja kuku vijijini, alilisifia kwa majirani. "Gari hili halihitaji mlinzi," alisema. "Linajilinda lenyewe."

Rimoti yake ilikuwa na vitufe viwili, kila kimoja na kipicha chake. Siku ya kwanza Milembe alipoishika alisema, "Shangazi, mbona hivi ni vikapu?" Kimoja kilikuwa kikapu kizima, kingine mkono wake ulikuwa umeng'oka upande mmoja. Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno, na tangu siku hiyo nyumbani hakuna aliyetumia jina jingine. Ukibonyeza kikapu kizima, gari linafungwa. Ukibonyeza kikapu kibovu, linafunguka. Na likiwa linalia, kikapu kibovu hicho hicho ndicho kinachonyamazisha. Bonyezo moja, kazi moja. Ndivyo walivyojua.

Jumamosi hiyo walikuwa na safari ya Nkoma. Akina mama wa huko walikuwa wamepoteza kuku wengi kwa kideri, na waliobakiwa na kuku wachache walikuwa wakimsubiri Felisita na chanjo. Dawa ilikuwa kwenye boksi la barafu, jeupe, lenye kifuniko cha bluu, kwenye kiti cha nyuma. Kabla ya kuondoka mjini walipitia sokoni, Shangazi akaegesha karibu na kibanda cha fundi viatu, Mzee Ndalahwa.

"Mwangaluka, guku," Milembe alimwamkia, kama wanavyowaamkia babu zao Wasukuma.

"Mwangaluka, ng'wanone, mwanangu. Lete hicho kiatu. Kinacheka sana, Jumatatu mwalimu atadhani kinamcheka yeye."

Milembe alimpa kiatu chake cha shule, ambacho soli yake ilikuwa imeachama mbele. Shangazi akampa rimoti. "Naenda kuchukua sindano, sichelewi. Mzee Ndalahwa, nitupie jicho hapo. Na wewe, gari likilia, usilizime kwa mbali. Njoo kwanza uone, ndipo uzime. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Mwanzoni alitii. Alisimama kwenye duka la vitenge la mama yake Anna, rafiki yake wa darasa la sita, hatua kama thelathini hivi kutoka kwenye gari. Gari lilipolia mara ya kwanza alikimbia. Akamkuta kijana mwenye baiskeli na tenga la kuku akivuta gurudumu lililogusa bampa.

"Samahani, mdogo wangu. Baiskeli hii haina akili."

Milembe akabonyeza kikapu kibovu, likanyamaza, akafunga tena kwa mazoea, akarudi. Hajamaliza hata kukunja kitenge kimoja, gari likalia tena. Akaenda. Kijana yule yule, kuku wale wale. "Samahani tena." Mara ya tatu alikwenda huku ananuna, na Anna akamsindikiza kwa maneno: "Nenda, mama, mwanao analia! Kamnyonyeshe!" Wauza vitenge wakacheka. Milembe aliona aibu.

Kwa hiyo lilipolia mara ya nne hakutoka dukani. Alinyoosha mkono juu ya marobota ya vitenge, akabonyeza kikapu kibovu. Gari likanyamaza. Raha iliyoje! Hakwenda kuangalia, na hakubonyeza kingine.

Shangazi alirudi akamchukua dukani, akapokea rimoti. Wakiwa bado njiani alibonyeza kikapu kibovu, gari likaitika kwa kuwasha taa. Akafungua mlango wa nyuma aweke sindano.

Kiti kilikuwa kitupu.

"Milembe, boksi liko wapi?"

Milembe alitazama kitini, akatazama chini ya kiti, akatazama tena kitini, kana kwamba boksi lingeona huruma lirudi. Vioo vyote vilikuwa vizima. Milango haikuwa na mkwaruzo. Haikuingia akilini.

"Nimelikuta limefungwa!" Shangazi alisema kwa sauti iliyokuwa inapanda. "Limefungwa, vioo vizima, na boksi hakuna! Jamani!"

Watu hawakawii kukusanyika sokoni. Wa kwanza alikuwa Masalu, muuza nyama, mtu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Alilizunguka gari akiligonga gonga. "Halijavunjwa," alitangaza. "Sasa mtu anatoaje kitu ndani ya gari lililofungwa? Hiyo siyo kazi ya mikono." Akageuka polepole akamtazama Ndalahwa. "Baba yake huyu si alikuwa mganga kule Shishiyu? Nilisikia alikuwa anafungua zizi la mtu kwa kulitazama tu."

"Masalu, baba yangu alikuwa anatibu matumbo," Ndalahwa alisema bila kuinua macho. Alikuwa anashona kiatu cha Milembe.

"Uliambiwa ulitupie jicho. Ndiyo hilo jicho ulilotupa?"

Watu wengine walicheka, wengine hawakucheka. Hao wasiocheka ndio waliomtisha Milembe.

Shangazi, ambaye hakutaka mambo ya uganga, alimwita Gloria, fundi umeme wa magari mwenye gereji ng'ambo ya barabara. Gloria alikuja na ovaroli lake lenye mafuta. Alifunga gari, akalipiga teke tairi. Gari likalia mpaka kuku wa soko zima wakaruka. Akalizima.

"Alamu ni nzima kabisa," alisema.

Milembe alidhani maneno hayo yangesaidia. Badala yake yaliharibu.

"Mmesikia?" Masalu alipaza sauti. "Ni nzima! Sasa kama ni nzima, mbona boksi lilipotolewa haikulia? Nani aliyeifunga mdomo kama siyo dawa?"

"Ililia," Ndalahwa alisema. "Ililia mara nne. Mara ya nne ikanyamaza, nikajua mwenyewe ameizima. Nikaendelea kushona."

"Anajitetea!"

"Aondoke hapa sokoni!"

"Apelekwe kituoni kwanza!"

Kichwa cha Milembe kilikuwa kinazunguka. Alijua ni yeye aliyeizima. Lakini kunyamazisha si kufungua! Kikapu kibovu kinanyamazisha likilia. Kinafungua likiwa limetulia. Bonyezo moja, kazi moja. Basi kosa lake lilikuwa dogo, la kutokwenda kuangalia, na halikuwa na uhusiano na boksi. Au lilikuwa nao? Na akisema, si Shangazi atajua kwamba alimdharau? Na kama kweli ni dawa? Alimtazama Ndalahwa, mtu aliyemshonea begi mwaka jana bila kumtoza chochote, akajaribu kumwona mchawi. Hakuweza. Akajaribu kuelewa mlango ulivyofunguka. Hakuweza pia.

Mtu mmoja alipiga teke sanduku la zana za mzee. Misumari na nyuzi vikamwagika vumbini. Masalu akamshika bega. "Simama, twende."

"Subiri," alisema Ndalahwa kwa utaratibu. "Imebaki mishono mitatu. Kiatu cha mtoto kwanza."

Na kweli akapiga mshono wa kwanza.

Hapo Milembe alishindwa. "Ni mimi!" alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Guku hana kosa. Mara ya nne nililizima nikiwa dukani. Sikuja kuangalia. Nilibonyeza kikapu kibovu tu, basi."

Shangazi alimtazama kwa macho ambayo Milembe hakuyapenda.

"Kikapu gani tena?" Masalu aliuliza. Sasa naye alikuwa amepotea.

Gloria hakuuliza. Aliitazama rimoti mkononi mwa Shangazi, na uso wake ukaanza kubadilika kama wa mtu aliyeona waya uliokatika. "Milembe, utachukua rimoti hii. Nenda pale pale dukani ulipokuwa. Nikiligonga, fanya vile vile ulivyofanya. Usiongeze kitu, usipunguze kitu."

Aliichukua rimoti, akafunga gari mwenyewe, akavuta mlango mbele ya watu wote wauone umefungwa, kisha akampa Milembe. Milembe akaenda dukani. Teke! Gari likalia. Milembe akanyoosha mkono juu ya vitenge, akabonyeza. Gari likanyamaza.

Gloria alishika mlango wa nyuma kwa kidole kimoja. Ukafunguka.

"Aaaa!" watu waliguna kwa pamoja.

"Hizi si picha za vikapu," alisema Milembe aliporudi akihema, macho kwenye rimoti. "Hizi ni kufuli."

"Ndiyo, ni kufuli, na hiyo ya pili ni kufuli iliyofunguliwa," Gloria alisema. "Kitufe hiki kinanyamazisha na kufungua milango hapo hapo. Magari mengine hujifunga tena yenyewe baada ya muda, lakini mwizi akishafungua mlango, hayajifungi. Alamu ya kiwandani ndivyo ilivyo. Haijui mbuzi wala mwizi, inajua kutikiswa tu. Ukiinyamazisha kwa mbali, inadhani mwenye gari amefika."

"Lakini nililikuta limefungwa," Shangazi alisema.

"Ulijaribu mlango kwa mkono kabla ya kubonyeza?"

Shangazi alitikisa kichwa. "Hapana," alisema. "Nilibonyeza tangu kule. Liliwasha taa, nikajua lilikuwa limefungwa."

"Taa huwaka hata likiwa tayari limefunguliwa," Gloria alisema.

Kwa hiyo mtu alikuwa ameligonga makusudi, akaligonga tena, mpaka mwenye rimoti akachoka. Milembe akamgeukia Shangazi. "Yule wa tenga," alisema. "Mara zote tatu nilimkuta yeye. Na mara zote tatu kuku walikuwa wale wale, jogoo mwekundu na matetea mawili. Hakuna aliyenunua hata mmoja, na hakuwa akiwatangaza."

Bodaboda wawili hawakungoja zaidi. Haikupita robo saa wakarudi na baiskeli, tenga na kijana mwenyewe. Chini ya jogoo mwekundu, ndani ya gunia, lilikuwamo boksi jeupe lenye kifuniko cha bluu.

"Nilidhani ni soda," kijana alisema kwa sauti ndogo.

Shangazi aligusa barafu. Bado ilikuwa imara. "Umewakalisha kuku juu ya chanjo yao," alisema, na ingawa machozi yalikuwa yanamlengalenga, alicheka.

Mtu mmoja akainua fimbo. Ndalahwa akasimama, kiatu kikiwa mkononi. "Weka chini hiyo. Sasa hivi mlitaka kunipiga mimi, na mlikuwa na uhakika huo huo. Mpelekeni kituoni, akaulizwe na wanaojua kuuliza."

Wakampeleka. Masalu alibaki nyuma. Aliinama, akaanza kuokota misumari, mmoja mmoja, akiipangusa vumbi. "Mzee, nimekukosea," alisema. Safari hii sauti yake haikufika hata kwenye duka la vitenge.

"Umenikosea," Ndalahwa alikubali. "Na nyuzi ziko pale, chini ya meza."

Shangazi alimvuta Milembe kando. Milembe alisubiri akemewe.

"Nilikuambia uje uone kwanza, hukuja," Shangazi alisema. "Hilo ni kosa, na utalibeba. Mimi nami niliwaambia watu gari hili halihitaji mlinzi, nikakuachia kazi ya mtu mzima. Hilo ni langu. Lakini ungekaa kimya mzee huyu angelala ndani leo, na boksi tusingeliona, kwa sababu aliyejua kilichotokea ni wewe peke yako. Ukweli hata ukiwa hauuelewi, useme. Wengine watakusaidia kuuelewa."

"Mimi nilidhani nikinyamazisha kelele, basi mambo yameisha."

Ndalahwa aliwasikia. "Ng'wanone, ulichunga ndama kwenu?"

"Nimechunga, guku."

"Ndama akilia zizini, unamwambia nyamaza ukiwa umekaa jikoni?"

"Naenda kuona ana nini."

"Basi. Gari nalo ni hivyo hivyo." Akamalizia mshono wa tatu, akakata uzi kwa meno, akampa kiatu. "Haya, vuta soli."

"Naona imeshikana, guku. Asante."

"Sijasema uone. Vuta kwa mkono."

Milembe akavuta kwa nguvu zake zote. Soli haikuachama. Akakivaa, akaingia garini, na walipofika Nkoma na kushuka, Shangazi alibonyeza kufuli iliyofungwa, gari likawasha taa. Milembe akalizunguka, akavuta milango yote minne, mmoja baada ya mwingine, kisha akabeba boksi la chanjo kuelekea kwa akina mama waliokuwa wamekaa wakiwapakata kuku wao.