Treni Imeondoka Kihagara

Kichwa cha treni hakikuwepo. Mabehewa sita yalikuwa palepale juu ya reli, yamepangana, lakini mbele yake hapakuwa na kitu.

Inspekta Hilda aliizunguka meza mara mbili. Ukumbi wa kijiji cha Kihagara ulinuka rangi mpya. Mezani kulikuwa na reli ya waya mnene, stesheni ya mbao, madaraja ya mianzi, na kioo kilichowekwa kuwa ziwa. Huku Nyasa reli husikika tu kwamba itakuja, basi halmashauri ilishainunua treni ile ndogo ikaoneshwe Mbamba Bay, watu waone inafananaje.

"Kufuli halikuvunjwa," alisema Koplo Wilfred. "Madirisha mazima. Funguo ziko mbili. Moja anayo Mzee Othmar aliyeitengeneza treni hii, dereva mstaafu wa reli. Nyingine anayo Makame wa duka la jirani, anaweka magunia yake humu."

"Na kengele hii ya shaba imeachwa."

"Imeachwa, afande. Ila pete ya shaba haipo."

"Pete gani?"

Wilfred alionesha ndoano tupu ukutani mwa stesheni. "Mzee alitufundisha siku ya uzinduzi. Njia ni moja, treni ni nyingi. Dereva haondoki stesheni mpaka akabidhiwe pete ya njia. Asiye nayo anabaki."

"Kwa hiyo mwizi kachukua pete ya shaba, kaacha kengele ya shaba?"

"Ndiyo hapo, afande. Mimi mwenyewe sielewi."

Hilda naye hakuelewa. Pembeni mwa reli ulisimama mlingoti wenye mkono mwekundu. Mkono ukinyooka ni simama, ukiinama ni pita. Ulikuwa umeinama. Nani huiba huku anaruhusu treni ipite?

"Usiuguse," alisema.

Makame alikuwa mahabusu tangu jana Jumamosi. Dukani kwake lilikutwa gurudumu la kichwa kile, na kijiji kizima kilimsikia akisema ipo siku treni itakaa dukani kwake. Kesho angefikishwa mahakamani. Mkewe, Rukia, alikaa kwenye ngazi za ukumbi tangu asubuhi, hali, hanywi.

"Gurudumu ni la akiba," Makame alikuwa amemwambia Hilda kituoni. "Mzee alinipa nimpelekee fundi wa kuchomelea."

"Nimemuuliza. Anasema hakumbuki."

Makame alicheka kicheko kikavu. "Hakumbuki? Mzee anayekumbuka mpaka dakika ambayo treni ilipita Makambako miaka arobaini nyuma?"

Neno hilo lilimsumbua Hilda. Ijumaa Mzee Othmar alimzika rafiki yake Joakim, aliyefanya naye kazi relini. Labda msiba umemvuruga. Au labda sivyo. Akashuka kwenda msibani.

Uani, vijana waliobeba jeneza walikuwa wanamenya mihogo.

"Bega langu mpaka leo," mmoja alilalamika. "Marehemu mwembamba kama ufito, jeneza zito kama lina debe la mahindi!"

"Umelegea tu wewe, kazi yako ugali."

"Mbona hata wewe uliita mwenzako akupokee kabla ya mto?"

Wakacheka. Hilda hakucheka. Aliingia ndani kwa mjane, Mama Tadea.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu."

"Nani alimvisha marehemu?"

"Othmar. Kawaida wanaume huwa wawili, watatu. Yeye alimtoa nje hata shemeji yangu. Akasema, huyu ni mtu wangu wa relini, niachieni. Akafunga mlango."

"Aliingia na kitu?"

"Na blanketi la kumfunika miguu. Alilikumbatia kama mtoto."

Saa tisa alasiri Mzee Othmar aliitwa ukumbini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmekipata?"

Hilda alimpisha apite. Mzee alitembea kando ya meza. Alipofika kwenye mlingoti, bila hata kuuangalia, aliunyoosha ule mkono mwekundu kwa kidole kimoja.

"Kwa nini umeunyoosha, mzee?"

"Treni ikishapita, lazima ufunge njia. La sivyo nyingine..."

"Nani amekuambia imepita? Sisi tunatafuta iliyoibwa."

Mzee alikaa kwenye benchi. Wilfred akachukua karatasi. Hilda akampa onyo kwamba atakayosema yanaweza kutumika kama ushahidi.

"Andika tu," alisema mzee. "Kichwa kimo kaburini. Miguuni pa Joakim. Pete iko mkononi mwake."

"Kwa nini?"

"Mwaka mmoja niliondoa treni bila pete. Nilikuwa na haraka ya kufika nyumbani. Tukagonga kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli, mmoja akakatika mguu. Joakim alikuwa msaidizi wangu. Akawaambia wakubwa kwamba yeye ndiye aliyeniambia pete tunayo. Mimi nilikuwa na watoto wanne, yeye hana hata mmoja. Wakamfukuza. Mimi nikaendesha miaka kumi na tisa tena, nikastaafu kwa heshima." Alijifuta uso kwa kofia. "Nikasema safari hii aondoke yeye akiwa dereva. Na njia nimfungulie mwenyewe."

"Kile kichwa si chako tena, mzee. Ni mali ya halmashauri."

"Najua."

"Na Makame?"

Mzee aliinama. "Ningesema, mngemfukua."

"Kufukua ataamua hakimu. Mimi nakuuliza habari ya Makame. Ulijua gurudumu ulimpa wewe."

"Nilijua."

"Basi umefanya tena. Kosa lako, kalibeba mwingine."

Mzee Othmar aliomba maji, akapewa, hakuyanywa.

Kituoni, Makame alikuwa anarudishiwa mkanda na viatu. Rukia alimshika mkono kama mtu anayeogopa ataponyoka. Mlango ukafunguliwa, Mzee Othmar akaingizwa kati ya askari wawili.

Makame alimwendea. Wilfred alisogea karibu, akidhani atampiga.

"Shikamoo, mzee," alisema Makame.

Kila mtu pale kituoni alisubiri. Mzee Othmar alitikisa midomo, lakini marahaba haikutoka.