Boksi Mbele ya Rejeta

Asubuhi za Juni mjini Sumbawanga, baridi haina utani. Kila alfajiri Avelina alichomeka kipande cha boksi mbele ya rejeta ya gari la mama, kuziba upepo wa baridi, ili injini iwahi kupata moto. Gari likishachangamka, alilitoa boksi, akakimbilia shule.

Jumamosi hiyo hakukuwa na shule. Mama yake, Justa, fundi magari, alikwenda kwenye mazoezi ya mbio za magari katika uwanja wa vumbi nje ya mji. Alikuwa na gari lile lile la kwendea sokoni, lenye injini ya tabo, ile inayosukumiwa hewa ili iwe na nguvu zaidi. Alipaswa kuzunguka mara kumi, na kona ya mwisho ilipakana na korongo.

"Avelina, umetoa boksi?" mama aliuliza akifunga mkanda.

"Nimetoa, mama!"

Wapi! Boksi lilikuwa bado mbele ya rejeta, naye alikuwa kwenye kamba ya watazamaji, akibishana na mwenzake Elia, na hakutaka kupoteza nafasi yake. Alijiambia atakwenda kulitoa sasa hivi. Kabla hajapiga hatua, bendera ikashushwa na gari likaondoka.

Mzunguko wa pili gari lilipita likinguruma vizuri. Wa tatu likaacha harufu tamutamu ya maji ya rejeta. Wa nne, mvuke mwembamba ukachungulia kwenye boneti. Mama hakuona; katika kona zile, nani ana muda wa kutazama mshale wa joto?

"Gari la mama yako linachemka," Elia alisema.

Avelina aliukazia macho mvuke ule. Akisema kweli, uwanja mzima utamjua kuwa mwongo. Asiposema, injini itakamata, ikwame ghafla pale konani, na mama ataishia korongoni. Jamani, aliogopa mtoto huyu!

Akatimua mbio hadi kwa Mzee Mathias, mshika bendera. "Babu, simamisha gari la mama! Boksi limo kwenye rejeta. Nilimdanganya!"

Bendera nyekundu ikapaa. Gari likasimama hatua chache kabla ya kona, mvuke ukifoka. Elia akaja na ndoo ya maji.

"Usimwage!" mama alifoka. "Injini itapasuka. Na mfuniko wa rejeta asiuguse mtu, mtababuka!"

Walingoja karibu saa nzima, boneti wazi. Hatimaye mama akatoa boksi lililoloa, akajaza maji, akawasha. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikatulia.

"Imepona," mama alisema.

Avelina akaangua kilio. "Nisamehe, mama. Sikulitoa."

"Kusahau hata mimi nasahau. Ungesema 'bado', ningeshuka nikalitoa mwenyewe. Wewe ukasema umetoa, nami nikakuamini, nikakanyaga mafuta." Mama alimshika mabega. "Mwanangu, mtu akikuuliza jambo, mwambie kweli hata kama inakuaibisha. Huenda uhai wake uko kwenye jibu lako."