Sauti ya Mwalimu Tibebu Iliyokwama Kwenye Kompyuta

Kila Ijumaa Zenebech huoka injera, chapati pana na laini za Kiethiopia. Kikaango chake cha umeme ni kipana kama ungo. Kikiwaka, taa za nyumba nzima hufifia.

Ijumaa moja kompyuta ya mezani iliuliza kama ianze kuboresha mfumo wake. Zenebech akakubali, akaenda kuwasha kikaango. Swichi kuu ikaruka. Pah! Umeme uliporudishwa, kompyuta ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, haifiki popote.

Mumewe, Tibebu, aliishika meza kwa mikono miwili. Alikuwa mwalimu wa nyimbo za kanisa, hadi ugonjwa wa koo ulipomnyang'anya sauti. Nyimbo alizorekodi zamani zilikuwa humo tu. Nyingine hakuna mwanafunzi aliyewahi kujifunza hadi mwisho.

Zenebech akamwita jirani yao Hirut, fundi wa kompyuta.

"Mwanangu, fundi wa sokoni kaniambia kwa simu kila kitu kifutwe, tuanze upya."

"Hee, mama! Mlango ukigoma, unachoma nyumba? Kilichoharibika ni mfumo. Nyimbo huenda ziko salama. Hatufuti kitu! Na kikaango kizime. Leo mtakula mkate."

Tibebu alicheka bila sauti.

Hirut alichomeka flashi yenye mfumo mwingine, akaiwasha kompyuta kutoka humo. "Sasa tumeingia kwa mlango wa nyuma," alisema. Majina ya nyimbo yakajipanga kwenye kioo. Kwanza akazinakili zote kwenye diski ya nje. Kisha akafungua wimbo mmoja kuhakikisha.

Sauti ya Tibebu ikakijaza chumba, nzito, ya ujana. Zenebech alifanya ishara ya msalaba. Mzee alisimama. Midomo yake ilifuata kila neno.

"Ee Mungu," Zenebech alinong'ona, "kumbe ulikuwa umeitunza."

Hirut naye alisahau kazi, hadi wimbo ulipokwisha. Ndipo akaondoa maboresho yaliyokatika njiani, akairudisha kompyuta kwenye mfumo wake wa awali. Ikawaka vizuri.

"Mama, kabla ya kuboresha, nakili vitu vyako nje. Kisha usiguse kitu kinachokula umeme mwingi mpaka imalize."

"Nimesikia, mwanangu. Injera itasubiri."

Siku hizi watoto wa kanisa huja kujifunza. Kompyuta inaimba, nao wanafuata. Tibebu anapiga mdundo kwa fimbo sakafuni. Mtoto akikosea, fimbo inanyamaza, na wote wanaanza tena.